Kumi ya Ubao wa Jirani

"Kumi ya ubao wa jirani, kwako ni sifuri."

Vijana wa chama cha upinde cha Mutomo waliyasikia maneno haya jikoni, mpishi wao alipomwambia mwenzake aliyesimama kusifia chapati za jiko la pili huku zake zikiungua. Walicheka sana. Kisha wakamwendea Mzee Kitheka, fundi anayewashonea mbao za shabaha kwa majani makavu, wakamuuliza maneno hayo yametoka wapi.

Mzee alichomeka sindano yake ya gunia kwenye majani, akajipangusa mikono.

"Hiyo haikutoka kwa mababu," alisema. "Aliyeianzisha yu hai, na salamu zake mnazipokea kila Jumamosi anapopita hapa uwanjani. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa."

Mwaka ule mashindano ya kimataifa ya upinde yaliletwa Nakuru, na nchi ishirini na mbili zikatuma watu. Kwa upande wa wanawake, Kenya ilikuwa na wawili, wote wa Mutomo. Mmoja ni Syombua, mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi, mwenye umri wa miaka arobaini na minne. Wa pili ni Ndunge, binti wa miaka ishirini na miwili. Ndunge alifundishwa upinde na Syombua tangu siku ya kwanza: namna ya kusimama, namna ya kuvuta upote wa upinde mpaka uguse kidevu, namna ya kuuachia bila kushtuka.

Kila mshindani alitakiwa kupiga mishale sabini na miwili, sita kila duru, akiwa mita sabini kutoka kwenye ubao. Mshale ukiingia katikati kabisa ni alama kumi. Ukienda pembeni alama hupungua. Wanne wa kwanza wangealikwa kwenye mashindano ya dunia mwaka uliofuata. Syombua aliitamani nafasi hiyo mno. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, na alijua halingemvumilia kwa miaka mingi.

Siku ya kupangiwa nafasi, Syombua alipewa ubao wa saba na Ndunge ubao wa nane. Walifurahi. Ilikuwa kama kupewa viti jirani kwenye harusi.

Lakini ujirani ule ulimletea Syombua kazi ya ziada. Kila alipopiga mshale wake, aliinama kwenye darubini, akautazama ubao wake, kisha akaupeleka mdomo wa darubini kwenye ubao wa Ndunge. Mwanzoni alifanya hivyo kwa moyo wa mwalimu. "Kiwiko, mwanangu, kiwiko," alinong'ona, ingawa Ndunge hakumsikia. Mnamo duru ya tano Ndunge alikuwa amemtangulia kwa alama sita. Duru ya saba zikawa tisa. Nyuma ya uzio mtu mmoja akasema kwa sauti, "Yule mama ndiye aliyemfundisha yule msichana? Basi mwanafunzi kampita!" Watu wakacheka bila ubaya. Syombua naye akatabasamu, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo hakujua tena kama anamtazama Ndunge ili amwombee heri au ili amwone akikosea.

Ikafika duru ya tisa. Syombua alikuwa wa tano, alama mbili tu nyuma ya wa nne. Alipiga mishale mitano, yote mizuri. Akainama kwenye darubini, akauona mshale wa Ndunge umetua kwenye tisa, akasema moyoni, "Haya, nami nikipata kumi hapa nitapunguza pengo." Akainuka, akapachika mshale wa sita, akavuta. Upepo ulikuwa umetulia. Aliachia mkono ukiwa laini kabisa, na hata kabla mshale haujafika alijua kwamba umekwenda alikoutuma.

Ukaingia katikati. Kumi safi. Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakakatika ghafla, na Syombua akasikia minong'ono asiyoielewa. Akachungulia ubao wake. Mishale mitano yenye manyoya ya kijani. Akahesabu tena. Mitano. Akausogeza mdomo wa darubini kidogo kulia, na pale kwenye ubao wa nane, katikati ya mishale ya Ndunge yenye manyoya ya njano, akauona wake wa kijani umesimama wima kama jogoo aliyeingia banda la watu.

Mita sabini za kwenda kuhesabu alama zilikuwa ndefu siku hiyo.

Mwamuzi wa mbao zile alikuwa Bwana Mchangama wa Komoro, mtu mpole mwenye Kiswahili cha visiwani. Aliutazama mshale wa kijani, akasoma jina lililoandikwa kwenye mti wake.

"Mama Syombua, huu ni wako?"

"Ni wangu."

Ndunge alidakia, macho yamemjaa machozi. "Bwana mwamuzi, kila mtu ameona ni kumi! Yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Haiwezekani apewe alama zake? Mimi sitalalamika. Nitatia sahihi popote."

"Mwanangu, roho yako nzuri," alisema Bwana Mchangama. "Lakini mimi naandika kilichomo kwenye ubao wa mtu. Kwenye ubao wa saba imo mishale mitano."

"Basi ni makosa yangu, nimemchanganya kwa kusimama karibu..."

"Ndunge," Syombua alimkatiza, akamshika begani. "Wewe umesimama mahali pako. Aliyekwenda kwa mwenzake ni mimi." Akamgeukia mwamuzi. "Andika, Bwana."

Bwana Mchangama akaandika sifuri, polepole, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya kalamu yake. Alipomrudishia mshale alisema kwa sauti ndogo, "Lakini ni kumi nzuri, mama. Sijaona nzuri kama hiyo leo."

Syombua akataka kulia, ila kicheko kikamtoka kabla ya machozi. Akacheka mpaka Ndunge naye akacheka.

Sifuri ile ilimwangusha mpaka nafasi ya kumi na moja. Zilibaki duru tatu. Aliporudi kwenye mstari aliikunja darubini, akaitia mkobani. Hakutaka kujua cha Ndunge wala cha mtu mwingine yeyote. Alisikia upote ukiita karibu na sikio lake, akasikia pumzi yake mwenyewe, na mbele yake hapakuwa na ubao mwingine duniani ila wa saba. Duru ya kumi alipata hamsini na saba kati ya sitini. Iliyofuata, hamsini na sita. Ya mwisho, hamsini na nane. Hajawahi kupiga vile, kabla wala baadaye.

Matokeo yalipobandikwa, wa kwanza alikuwa Oyuna wa Mongolia kwa alama 648. Ndunge alikuwa wa pili kwa 639. Wa tatu alitoka Brazili, alama 630. Wa nne, Syombua, 627. Alipokwisha kuvishwa medali ya fedha, Ndunge alimkumbatia mwalimu wake kwa nguvu hata medali ikamwacha Syombua na alama shavuni.

Mtangazaji wa redio akawafikia wakiwa bado wameshikana. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake.

"Mama, umepata nafasi ya kwenda mashindano ya dunia, hongera. Lakini medali ya shaba imekukosa kwa alama tatu tu. Ile kumi uliyoipiga duru ya tisa haikuumi?"

Syombua alilisugua bega lake, akamtazama Ndunge, akatabasamu. Mwiba ulikuwa umeshuka.

"Ilikuwa kumi nzuri sana," alijibu, na Mutomo nzima ikamsikia redioni. "Lakini, ndugu yangu, kumi ya ubao wa jirani, kwako ni sifuri."