Katambuga za Bi Anyesi

Tairi huchaguliwa na jiwe, si na jicho. Ndivyo Pasilisa alivyomwambia kaka yake sasa hivi, na kaka mtu akanuna. Usinune, Lohay. Tairi la pikipiki umeshalinunua na linang'aa kweli, hakuna aliyesema limeoza. Umeuliza tu msemo huo umetoka wapi, na Pasilisa, pamoja na mdomo wake wote, hajui. Basi endeleeni kuchambua vitunguu saumu, mikono isisimame, mimi niwaambie. Msemo huo ulitoka kwa watu wa hapa hapa Endagwe, nami nilikuwepo, na kuku wangu walikuwepo.

Siku hizo kijiji kizima kilikuwa na gari moja, Landrova ya Bura mwana wa Tlemu. Siku ya mnada ilishuka bondeni na watu na mizigo, kesho yake ikapanda. Njia yenyewe mnaijua, ile ya Ngazi, ila ninyi mnaipita imeshachongwa. Enzi zile ilikuwa mawe matupu, yenye ncha, mengine yamesimama wima kabisa katikati ya njia, na upande mmoja korongo. Landrova ilipita hapo miaka na miaka kwa tairi mbaya ajabu: nyembamba, ngumu, meno madogo madogo yaliyobanana, na ubavu mnene. Mtu akizitazama hakuona cha kusifu, kwa hiyo hakuna aliyezisifu.

Bura alikuwa kijana mwema. Hilo nataka mlishike kwanza, maana mtu akishaingia kwenye methali watu husahau mengine yote. Mama yake, Bi Anyesi, alikuwa mjane, na Bura alimtunza vizuri. Lakini kijana alikuwa na donda moja moyoni. Masika yaliyotangulia, gari lilimzamia topeni mbele ya kanisa, watu ndiyo kwanza wanatoka ibadani, likavutwa na maksai wa shemeji yake. Maksai, jamani! Watoto wakatunga wimbo. Tope la pale kanisani lilikauka upesi, la moyoni mwa Bura halikukauka.

Sasa Bi Anyesi alikuwa na mdogo wake, Bi Marselina, aliyeolewa huko bondeni. Walinyonya ziwa moja, wakachunga mbuzi pamoja, kisha ndoa ikawatenganisha, na uzee ukazidi kuwatenganisha, maana Ngazi si njia ya magoti ya kizee. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Kiangazi hicho zikaja habari kwamba Bi Marselina yuko kitandani, hali chakula, na kila akizinduka anauliza kama dada yake amefika.

Bi Anyesi alitaka kuondoka siku ile ile. Bura akamwomba asubiri kidogo. Tairi zimechakaa, alisema, na hawezi kumpeleka mama yake kwa mgonjwa kwa tairi zilizochakaa. Atakwenda mjini alete mpya. Hapo hakukosea. Tairi zilikuwa zimechoka kweli, vipara vinaanza kuonekana.

Huko mjini, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, muuzaji alimuuliza swali moja tu: gari linapita wapi? Bura hakumjibu. Macho yake yalikuwa yameshaganda kwenye tairi pana zilizopangwa mlangoni, meno yameachana, kila jino ukubwa wa kipande cha sabuni. Muuzaji akamwambia hizo ni za tope, meno yake yanatema udongo vizuri sana, lakini ubavu wake ni mwembamba. Kama njia ina mawe, achukue zile za kule ndani. Bura akazitazama zile za kule ndani. Zilikuwa ndugu wa zile zile alizozichoka. Akasema tope ndilo analolitaka. Akanunua zile pana, na ya akiba pia, akajaza upepo mpaka zikawa ngumu kama ngoma, ili zisimame vizuri zikitazamwa.

Na zilitazamwa! Kijiji kizima tulikwenda kuzishika. Mimi mwenyewe nilitia kidole katikati ya meno. Kuna mzee alisema gari sasa limekuwa dume, na Bura akacheka siku nzima.

Zile kuukuu zikaenda kwa Qwaray, fundi wa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi. Mnajua desturi yetu: tairi likishastaafu, jozi ya kwanza ya katambuga ni ya mzazi wa mwenye gari, ndipo wengine wanunue. Qwaray akamkatia Bi Anyesi jozi yake, akalalamika sana. Mpira ule, alisema, umemmalizia kisu, haukatiki. Tukamwambia kisu chake ndicho kizee. Hakuna hata mmoja wetu aliyetua akalifikiria neno hilo.

Tukaondoka asubuhi. Bi Anyesi mbele na mwanawe, mimi nyuma na tenga langu la kuku wa kuuza bondeni. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi, kuku ndio waliokuwa mtaji wangu wote. Bura alimpandisha mama yake kwa kumshika mkono, akamwambia mbele yetu sote, "Mama, safari hii hutakanyaga jiwe hata moja." Bi Anyesi akaitikia vizuri, lakini katambuga zake mpya hakuzivua.

Juu kule, kwenye udongo, gari lilikwenda raha mustarehe. Tulipoingia Ngazi nikaanza kusikia mawe yakigonga ubavuni. Hatukufika mbali. Tairi la mbele likatoa sauti kama mtu anapasua kanga, gari likainama. Tukashuka, Bura akatia jeki, akafunga la akiba. Alikuwa bado anapiga mluzi. Chini kidogo, kwenye ile kona ya jiwe jeupe, likapasuka la nyuma. Mluzi ukakoma.

Bura alipiga magoti akatia vidole kwenye jeraha. Lilikuwa ubavuni, refu, na ubavu ukishachanika hauzibiki, kiraka hakishiki. Meno yale makubwa yote yalikuwa mazima. Hayakuwa na kazi pale, jiwe lilikuwa limepita pembeni yake.

Jua lilikuwa utosini. Nyuma mlima, mbele mteremko, na bondeni kule tuliuona moshi wa kijiji cha Bi Marselina, mwembamba. Bi Anyesi alikuwa ameuona kabla yetu.

"Mama, vumilia hapa kivulini," Bura akasema. "Nipande juu, nikatafute tairi, nirudi."

"Utalipata wapi?"

Gari la pili halikuwepo, na tairi zake za zamani zilikuwa zimeshagawanywa miguuni mwa nusu ya kijiji.

"Marselina hatanisubiri mpaka upate," Bi Anyesi akasema. "Nitashuka."

"Nilikuahidi hutakanyaga jiwe, mama."

"Uliahidi, mwanangu, na nilikuamini. Sasa nipe ile fimbo yako ya kupimia mafuta tangini, iwe mkongojo wangu."

Nami nikaona aibu kumwacha mama mtu mzima ashuke peke yake. Nikamwachia Bura kuku wangu, nikafuatana naye. Enhe, cheka, Pasilisa. Mmoja alitaga kwenye kiti cha dereva.

Tuliteremka polepole. Mimi nilikuwa na viatu vya harusi, vya plastiki, na kabla ya nusu ya njia kimoja kilichanika, nikawa naruka ruka kama kunguru. Bi Anyesi alikuwa anatangulia. Alikanyaga ncha za mawe kama zile zilizopasua tairi, zikashindwa kupenya katambuga zake. Hakusema lolote juu ya tairi wala juu ya mwanawe. Alilolisema ni moja, tena zaidi ya mara moja: asife, Mungu wangu, asife kabla sijamwona.

Jua likielekea kuzama tukafika. Bi Marselina alikuwa hai, amelala kwenye ngozi karibu na mlango. Dada yake akachuchumaa, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Marselina, nimefika."

Mgonjwa akafumbua macho, akamtazama. "Umekuja na nini, kwa njia ile?"

"Na miguu yangu."

"Mwongo," Bi Marselina akasema, akacheka. Kicheko kidogo, cha pumzi tu, lakini mwanawe aliyekuwa pembeni akageuka akalia, maana alikuwa hajamsikia mama yake akicheka tangu alale. Wakaongea habari za mbuzi. Mbuzi waliokufa zamani, mmoja mmoja kwa jina. Kulipopambazuka Bi Marselina akakata roho, kichwa chake kiko mapajani mwa dada yake.

Bura alifika jua limeshapanda. Alikuwa amekwea hadi Endagwe, hakupata tairi, akashuka tena kwa miguu na viatu vyake vya mjini, navyo vilikuwa vimeachama mbele. Tenga la kuku alilibeba kichwani. Nilisema tangu mwanzo alikuwa kijana mwema. Alipowasikia wanawake wakilia akalitua tenga, akakaa chini palepale mlangoni. Alijua amechelewa kumkuta mama yake mdogo akiwa hai, na alidhani mama yake naye alichelewa.

Mbele yake zilikuwa katambuga za Bi Anyesi, amezivua akiingia. Akachukua moja, akaigeuza. Mawe ya Ngazi yalikuwa yameichubua tu. Chini yake kulikuwa na yale meno madogo madogo yaliyobanana, na alama ya kiraka alichokitia zamani kwa mkono wake mwenyewe. Akabaki ameishika.

Bi Anyesi akatoka, macho mekundu, akamwona.

"Nilimkuta," akamwambia. "Tumeongea usiku kucha. Usilie kwa hilo. Tairi zako ndizo zilizonifikisha, mwanangu. Zile za zamani."

Bura akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Jiwe lilikuwa limeshachagua zamani, mama," akasema. "Mimi nikachagua tena kwa jicho."

Waombolezaji waliokuwepo wakayachukua maneno hayo, wakayapunguza, wakapanda nayo hadi hapa Endagwe. Bura mwenyewe hakuyachukia. Alirudi mjini kwa yule muuzaji akanunua zile za kule ndani, akaendesha mpaka uzee, na mtu akija kumwomba ushauri wa mke, wa mshirika au wa rafiki, alimuuliza kwanza atakwenda naye wapi.

Haya, Lohay. Kesho unampakia dada yako Pasilisa, na mimba yake hiyo, unampeleka kliniki bondeni kwa njia ya Ngazi, iliyochongwa lakini mawe bado yapo. Lete hilo tairi karibu na taa. Usiligeuze meno, meno nimeyaona. Nionyeshe ubavu.

Mwembamba, umeona mwenyewe. Basi asubuhi na mapema lirudishe dukani, na safari hii ukiulizwa unapita wapi, jibu. Tairi huchaguliwa na jiwe, si na jicho.