Kinyozi Aliyejaza Fomu kwa Haraka

Mnisamehe kabla sijaanza. Hadithi hii nilisimuliwa na mtu anayejua kusimulia, na alipomaliza watu walibaki wakijifuta macho. Nilipoirudia mimi kwa watu wengine, mmoja aliniuliza choo kiko upande gani. Kwa hiyo mkiona imepinda, jueni kwa mwenyewe ilitoka imenyooka. Isomeni, muwatumie wenzenu, lawama mziache hapa kwangu.

Palikuwa na kinyozi mmoja aitwaye Obedi Nkuwi, katika mji wa kanda ya kati ulio chini ya mlima Ntumbi. Obedi alikuwa mtu asiyetulia. Alikaa kitini kama aliyekalia siafu. Akila, anasimama. Akisali, anachungulia. Na mkono wake wa kulia ulikuwa na ugonjwa ambao mji mzima uliujua: ulikuwa unasawazisha.

Mteja anaingia, anasema, "Punguza kidogo tu, Obedi, Jumapili nina ubatizo." Obedi anapunguza. Anarudi nyuma hatua mbili, anafumba jicho moja. Kushoto kumezidi. Anapunguza kushoto. Lo, sasa kulia kumezidi! Anapunguza kulia. Mteja anaanza kuhisi upepo mahali ambapo upepo haujawahi kumfikia.

"Obedi, imetosha!"

"Tulia, kaka. Nasawazisha tu."

Mteja anatoka pale anang'aa kama sufuria ya harusi.

Lakini moyo wa Obedi haukuwa kwenye vichwa vya watu. Ulikuwa kwenye picha. Nyuma ya kibanda chake alikuwa na turubai, makopo ya rangi na brashi saba, na saa pekee ambayo miguu ya mtu huyo ilitulia ni ile aliyokuwa akichora.

Kila mwaka kulikuwa na Maonyesho ya Sanaa ya Kanda. Majaji watatu hupitia picha zilizoletwa, moja baada ya nyingine, kisha huchagua chache za kutundikwa ukumbini. Mara mbili Obedi alipeleka, mara mbili akarudishiwa. Ya kwanza walisema imejaa mno. Ya pili walisema haijaisha.

Gwao, kaka wa mkewe, muuza mkaa mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa tatu, akamwambia, "Shemeji, safari hii wapelekee fremu tupu. Labda ndiyo wanayoitafuta."

Neno lile lilimchoma Obedi. Akasimama katikati ya chakula, akaapa, "Wakiikataa na hii ya tatu, brashi zote natia jikoni. Sishiki rangi tena mpaka nazikwa!"

"Mashahidi tupo," alisema Gwao, akachukua kipande cha nyama cha shemeji yake.

Mkewe, Mama Heri, hakucheka. Yeye ndiye aliyeishi na miguu ile miaka ishirini na mbili. Alijua kwamba siku mumewe atakapoacha kuchora, atasawazisha hata kuku.

Basi Obedi akachora mlima Ntumbi, kama alivyouona utotoni: miti kuanzia miguuni hadi kileleni, imebanana kama watu kwenye mkutano wa kugawiwa vyandarua. Miezi miwili alichora. Siku alipomaliza, Mama Heri alisimama mbele ya picha, mwiko mkononi, akaisahau mboga jikoni ikaungua.

"Hapo hapo, Baba Heri," alisema. "Usiguse tena."

Ni sawa na kumwambia mbuzi asiguse mahindi.

Jioni ile ile Obedi alirudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. Miti ya kushoto imezidi. Akachukua rangi ya udongo, akafuta mitatu. Kesho yake akaona ya kulia ndiyo imezidi. Akafuta minne. Keshokutwa kilele kikaonekana kizito. Akakipunguza.

"Baba Heri, si nilikwambia?"

"Nasawazisha tu, mama. Mti mmoja. Mti mmoja una nini?"

Siku ya mwisho ya kupeleka picha ikafika. Asubuhi Mama Heri alikwenda nyuma ya kibanda, akaguta.

"Baba Heri! Mbona mlima umekuwa kipara?"

Obedi akaangalia kama anauona mara ya kwanza. Hapakuwa na mti hata mmoja. Mlima mwekundu, mtupu, una mikwaruzo ya brashi kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe butu.

"Wanafunga saa ngapi?" aliuliza mkewe.

"Saa sita."

"Na sasa ni saa tano na robo."

Hapakuwa na muda wa kuotesha hata kichaka. Obedi akaifunga picha kwenye baiskeli, rangi bado mbichi, akapanda. Njia nzima alikuwa akigeuka nyuma, akitamani kurekebisha kidogo.

Mapokezini palikuwa na dada mmoja aliyekwisha kuvaa mkoba begani. Akamsukumia fomu. "Jaza haraka, baba. Nafunga."

Obedi akaegemea ukuta, akaanza.

*Jina la msanii.* Akaandika: Obedi Nkuwi.

*Jina la kazi.* Akajiuliza, hawa nao, kazi yangu inawahusu nini? Akaandika: Kinyozi.

*Ukubwa wa kazi.* Akaandika: Wastani. Jumamosi huwa kubwa.

*Kazi imefanywa kwa nini?* Hapo akaanza kukereka. Kwani wao wanafanya kazi kwa nini? Akaandika: Kwa sababu ya watoto.

*Je, kazi inauzwa?* Hapo kalamu nusura itoboe karatasi. Akaandika: Haiuzwi. Niliirithi kwa baba.

Dada akagonga mhuri bila kusoma, akafunga dirisha.

Ikawa siku tisa za kungoja. Obedi hakungoja, alizunguka. Alikwenda mpaka ukumbini, akarudi. Alinyoa watu nusu kichwa, akatoka nje kuangalia kama kuna mtu anakuja na habari, mteja akabaki anajitazama kwenye kioo kama ramani ya nchi mbili. Gwao alikuwa akipita na baiskeli ya magunia ya mkaa, akipiga kengele: "Shemeji! Jiko limewaka, zile brashi ziko tayari?"

Siku ya sita Mama Heri alikuwa akichambua mchele. Akauliza tu, bila nia, "Hivi ile picha uliipa jina gani?"

"Picha ina jina?"

"Baba Heri! Kila kazi ya sanaa ina jina. Na tangazo la Maonyesho umelibandika mwenyewe kwenye kioo cha kibanda: *Kazi isiyo na jina haitapokelewa.*"

"Kazi," alirudia Obedi. "Kazi isiyo na jina... Jina la kazi..." Akaketi chini, kwenye vumbi, taratibu. Mama Heri akaogopa, maana hajawahi kumwona akiketi bila kulazimishwa.

"Mama Heri, mimi nimewaambia ni kinyozi."

"Si ndivyo ulivyo?"

"Picha! Picha ndiyo nimeiita kinyozi!"

Akauruka mchele, akadandia baiskeli, mbio mpaka mapokezini.

"Dada, ile kazi siyo kazi! Mimi nilidhani kazi ni kazi, kumbe kazi ni picha. Nipe fomu niandike upya."

Dada alimtazama. "Baba, umekula leo?"

"Fomu, mwanangu!"

"Ziko kwa majaji. Ukumbi umefungwa."

Obedi akazunguka jengo, akapanda juu ya tofali, akachungulia dirishani. Ndani alimwona Mwalimu Bahiya, jaji mkuu, mama mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso na sifa ya kutowahi kumsifu mtu. Amesimama mbele ya mlima wa Obedi, fomu mkononi. Wenzake wawili wamesogeza vichwa wanasoma naye. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Bahiya akashusha miwani, akasoma tena.

Laiti wangecheka! Obedi aliteremka kwenye tofali, amekwisha kuziaga brashi zake moja moja.

Siku ya ufunguzi hakutaka kwenda. Mama Heri alimvalisha shati, akamvuta. Gwao akafuata nyuma, hawezi kuikosa.

Walipoingia ukumbini, Obedi akaanza kutafuta pembeni, karibu na mlango, karibu na vyoo. Hakuiona. Kisha akaona watu wamejazana ukuta wa mbele, katikati. Akapenya. Mlima wake ulikuwa pale, chini ya taa, na chini yake kadi, iliyonakiliwa neno kwa neno:

KINYOZI
Obedi Nkuwi
*Wastani. Jumamosi huwa kubwa.*
*Kwa sababu ya watoto.*
*Haiuzwi. Niliirithi kwa baba.*

Watu walikuwa wakisoma kadi, wanainua macho kwenye mlima, wanasoma tena. Jumamosi ndiyo siku ya gulio katika mji ule. Ndiyo siku ambayo mkaa hushuka kutoka Ntumbi, baiskeli baada ya baiskeli. Mzee mmoja aliisoma ile ya mwisho kwa sauti, "Niliirithi kwa baba," akavua kofia. Gwao akaificha mifukoni mikono yake yenye weusi wa mkaa.

Mwalimu Bahiya akapanda jukwaani. "Kazi ya kwanza mwaka huu," alisema, "mwishowe majaji tumekubaliana sote. Ni *Kinyozi*."

Obedi alisukumwa jukwaani kwa mikono ya watu. Mgeni rasmi, bwana mkubwa wa mji, akampa mkono, kisha akaugeukia umati kwa sauti ya kampeni.

"Ujumbe tumeuelewa! Kuna mtu ameunyoa mlima wetu. Sasa, ndugu msanii, usiogope. Kinyozi huyo ni nani? Mtaje hapa hapa, tumshughulikie leo!"

Watu kadhaa waliangalia viatu vyao. Gwao alijificha nyuma ya dada yake, kitu kigumu kwa mtu wa umbo lake.

Obedi aliona njia mbili. Angeweza kumtaja mtu, na wote wangemwamini. Angeweza kutabasamu kama msanii mwenye siri. Lakini miguu yake haikumruhusu kusimama juu ya uongo.

"Kinyozi ni mimi, mheshimiwa."

"Wewe?"

"Mimi. Mlima ulikuwa na miti, mpaka juu. Nikatoa mitatu upande huu. Nikaona upande ule umezidi, nikatoa minne. Kila siku kidogo. Mke wangu alinikataza. Nikamwambia, mti mmoja una nini? Nasawazisha tu. Nilipokuja kushtuka, hakuna hata mmoja. Sikukusudia, mheshimiwa. Nisameheni."

Maskini, alikuwa akieleza habari ya picha!

Lakini nyuma ya ukumbi mama mmoja mpika pombe akasimama. "Hata mimi ni kinyozi," alisema. "Kuni zangu zatoka Ntumbi." Mzee wa kofia akasema matofali yake yote aliyachoma kwa miti ya kule. Na kutoka nyuma ya Mama Heri ikasikika sauti nene, haina kicheko: "Magunia sita kila Jumamosi. Kinyozi mkuu ni mimi."

Mgeni rasmi alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Alikiangalia. Jumba lake jipya lilikuwa na milango kumi na minne ya mbao, na mji mzima ulikuwa umeihesabu. Akakirudisha kipaza sauti mahali pake, polepole, akaenda kuketi.

Watu walipotawanyika, Obedi alimfuata Mwalimu Bahiya kando. Hakuweza kuibeba siri ile tena.

"Mwalimu, nisikilize. Ile fomu niliikosea. Nilidhani mnaniuliza habari ya kibanda changu. Sikuwa na maana yoyote ya mlima. Nipokonyeni ushindi, ni haki yenu. Na brashi nimeapa kuzichoma."

Mwalimu Bahiya alipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Tulijua, bwana Obedi. Hakuna msanii anayeandika 'Jumamosi huwa kubwa' kwa akili zake. Tulibishana siku nzima kama tuitupe nje kwa kuwa mwenyewe hakukusudia."

"Kumbe! Na ikawaje?"

"Nikawauliza wenzangu swali moja: na mlima wenyewe, yuko mtu aliyekusudia kuunyoa?"

Obedi alisimama pale mbele ya picha yake, mikono chini, na mkewe anasema miguu yake ilitulia kabisa.

Funzo: Mlima haunyolewi na adui mmoja mwenye panga, unanyolewa na sisi sote, kila mmoja akisema anapunguza kidogo tu. Kabla hujauliza kinyozi ni nani, tazama mkononi mwako. Nami nawaacha hapo, maana nimeandika haya tangu asubuhi huku sufuria ya maharage ikichemka pembeni yangu, na ninyi mnajua maharage hayaivi kwa mafunzo: hili ni gunia la pili la mkaa tangu mwezi uanze, na mwezi wenyewe leo ni tarehe tisa.