Zamu ya Kwanza ya Maji

Hapo zamani, kule milimani Upare, mvua ziligoma, na watu wa kijiji kimoja wakaamua kuchimba mfereji kutoka chemchemi ya juu mpaka kwenye ndiva, bwawa lao la kuhifadhia maji. Maharage yalikuwa yameshaanza kunyauka. Kila mtu alijua kwamba bwawa likijaa litatosha shamba moja tu, na kungoja lijae tena ni kungoja maharage yafe.

Msimamizi wa mfereji, Semkiwa, akawaambia, "Tutahesabu tangu mwezi utakapoandama hadi maji yatakapoingia bwawani. Atakayefanya kazi siku zote za kazi, ndiye atakayefunguliwa maji kwanza. Siku ya gulio si siku ya kazi. Siku hiyo watu wapumzike."

Wakachimba. Wakachoka. Wakalala na udongo miguuni, wakaamka, wakachimba tena. Mmoja mmoja wakaanza kuacha: huyu homa, yule mgongo, mwingine akahamia kwa wakwe zake bondeni. Mwisho wakabaki watatu. Kulikuwa na Mrutu, kijana aliyeoa juzijuzi. Kulikuwa na Nakijwa, mjane mwenye watoto wadogo. Na kulikuwa na Kiangi, aliyewazidi wote umri.

Jiwe likamponda Kiangi mguu. Asubuhi yake wakamwona anakuja akijiburuta kwa makalio, jembe mapajani. Kuchimba hakuweza tena. Akaketi ukingoni, akawa ananoa majembe ya wenzake na kuwaonyesha pa kuukwepa mwamba. Akaja hivyo kila siku ya kazi.

Nakijwa akafiwa na mama yake. Akaenda kuzika, na siku hiyo wenzake wakachimba bila yeye.

Kisha ikafika siku ya gulio. Nakijwa, akipita na mtungi, akaona ukingo unabomoka. Akakimbilia kwa Mrutu.

"Kaka Mrutu, amka! Ukingo unakwenda!"

Mrutu hakuinua kichwa mkekani. "Dada, leo si siku ya kazi. Mikono yangu haikunjiki. Niache."

Nakijwa akarudi peke yake. Akabeba mawe, akajaza, akashindilia kwa miguu mpaka jua likazama. Asingefanya hivyo, mfereji wote ungefukiwa.

Siku chache baadaye maji yakaingia bwawani. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wote watatu walikaa chini, wakayatazama kama watu wanaotazama mgeni aliyechelewa.

Mrutu akasema, "Semkiwa, wewe ndiye uliyeweka sharti. Sikukosa siku hata moja ya kazi, na kila siku nilichimba. Ile niliyolala, wewe mwenyewe uliniambia nilale."

Nakijwa akasema, "Baba, siku moja nilimzika mama. Siku moja nilifanya kazi mlipokuwa mmelala. Iondoe ile, uiweke hii mahali pake. Kama hutaihesabu, basi mwambie Mrutu haya maji yamepita wapi."

Kiangi akanyoosha mguu wake uliovimba. "Mimi nilikuja siku zote, kama huyu kijana. Mtasema kuketi si kazi. Haya. Majembe mliyochimbia aliyanoa nani? Na huu mguu niliuacha wapi, kama si kazini?"

Semkiwa akajifuta uso. Hata yeye alikuwa hajalala vizuri tangu mwezi uandame. "Niliposema siku ya kazi," akasema taratibu, "nilidhani sote tunaijua."

Jua lilikuwa kali na majani ya maharage yalikuwa yamejikunja mashambani mwa wote watatu. Semkiwa akainama, akalishika gogo lililoziba bwawa, akageuka kuwatazama.

Hapo ndipo ninapomwacha, ameinama, mikono imelowa. Nanyi mliokaa mkinisikiliza, msaidieni, maana maji hayagawanyiki: siku ya kazi ni ipi, na katika hawa watatu, nani alistahili kufunguliwa kwanza?