Mbio za Mkunga Tusekile

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza ninyi, na kunyamaza hakuruhusiwi.

Katika kata moja ya Rungwe, kwenye mashamba ya chai, waliishi watu watatu. Tusekile, mkunga wa zahanati, alikuwa na uvumilivu: aliweza kusimama saa kumi na nne kando ya mzazi bila kukaa. Lusajo, fundi wa umeme aliyestaafu, alikuwa na jicho la kupima. Subilaga, mchuma chai, wifi yake Tusekile, alikuwa na mdomo.

Zahanati haikuwa na mashine ya kuwapa joto watoto njiti. Mwaka uliotangulia, Bupe alijifungua kabla ya siku zake, na mtoto akafia njiani kwenda wilayani. Sasa Bupe alikuwa na mimba nyingine, changa. Tusekile akatangaza kwamba atakimbia marathoni, kilomita arobaini na mbili, ili watu wachangie mashine. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kukimbia mbio zozote. Mfanyabiashara wa mbao aliahidi kununua mashine nzima, kwa sharti moja.

"Umalize," alisema. "Mbio nusu sinunui."

Lusajo akajitolea kumfundisha. Hakuwa na saa ya kupimia mwendo, alikuwa na nguzo za umeme. "Nguzo hadi nguzo ni mita hamsini," alisema, kama alivyozoea alikofanyia kazi. Miezi mitano alimfuata kwa baiskeli, mvua kwa jua, akihesabu. Siku moja akamsimamisha kwenye nguzo ya mia saba na ishirini.

"Mama, hizo ni kilomita thelathini na sita. Zilizobaki ni za kwenda dukani."

Tusekile alijiandikisha siku hiyohiyo.

Siku ya mbio alikwenda vizuri hadi kilomita ya ishirini na tano. Baada ya hapo miguu ikawa mizito. Kwenye ya thelathini na tatu akakaa juu ya kalavati. Subilaga alikuwa hapo, amekuja kushangilia.

"Kaa, wifi, kaa. Nikuletee na mkeka?"

"Miguu imekwisha, Subi."

"Kaka yangu alitoa ng'ombe kwa ajili ya miguu hiyo. Naona tulipunjwa."

Tusekile aliinuka ampige. Subilaga akarudi nyuma hatua tatu, kisha kumi. Wakaenda hivyo kilomita tisa, Subilaga mbele, kitenge kiunoni, kandambili mkononi, akiutukana mwendo wa wifi yake, mapishi yake, na ukoo wake wote. Tusekile alimaliza wa pili kutoka mwisho.

Mashine ikaletwa. Bupe akajifungua mimba ikiwa ya miezi saba, mtoto wa kike, kilo moja na robo. Alikaa ndani ya joto wiki tano, akarudi nyumbani hai.

Katika ukoo wa Bupe, mtoto aliyeokolewa hupewa jina la aliyemwokoa, na mtu huyo huwa mzazi wake wa pili. Jina ni moja tu, na majina ya kwao hayachagui mke wala mume. Bupe akawaita wote watatu.

"Mimi msinihesabu," Lusajo alisema. "Nimepima upya kwa pikipiki. Nguzo za huku zimekaribiana, mita thelathini na tano. Nilimkimbiza kilomita ishirini na tano nikamwambia thelathini na sita. Nusura nimwangushe."

"Mzee, ungeniambia ishirini na tano nisingejiandikisha," alisema Tusekile.

"Basi mtoto ni wako, wifi," alisema Subilaga. "Miguu ni yako."

"Miguu ilikuwa imekaa kwenye kalavati. Wewe ndiye uliyeiinua."

"Mimi nilitukana tu. Hata bila mbio ningekutukana."

Bupe akawatazama. "Wenzenu hugombania wajina. Ninyi mnasukumiana mwanangu kama mnofu wa mwisho kwenye sahani. Kesho kliniki wanataka jina."

Lusajo alikuwa amempakata mtoto, na wale wawili wengine walikuwa wamemkaribia, kila mmoja amekamatwa kidole.

Mtoto ana wiki saba, na kadi yake bado imeandikwa "wa Bupe". Haya, kalamu nakupa wewe. Ungeandika jina la nani?