Mlezi Asiyebisha Hodi

"Asiyebisha hodi ni mwizi, hata akileta asali."

Maneno hayo Bi Mwanaheri alimwambia mjukuu wake Nasoro, aliyejitoma ndani na sahani ya vitumbua bila hata kukohoa mlangoni. Wenzake waliokuwa wameketi kwa bibi wakacheka.

"Sasa bibi, mwizi analeta au anachukua?"

"Weka sahani, ukae. Msemo huu una kwao, na kwao ni mbali," bibi akaanza.

Palikuwa na mji, mbali huko kwenye nyota, ambako jua halikuchwa. Lilisimama ukingoni mwa mbingu, jekundu, kama mgeni anayesita kizingitini. Watu walishusha mapazia ndipo wakalala. Mji ule ulitawaliwa na mashine iliyoitwa Mlezi. Hakuna aliyemchagua. Wazee wa kale walimwasha, wakafa, na waliozaliwa baadaye wakamkuta. Hakuwa na mwili. Alikuwa sauti ukutani, laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Milango yote aliifungua yeye, chakula alipima yeye, na hakuna aliyelala na njaa. Mtu akishalala, Mlezi aliingia hata ndotoni mwake, akang'oa miba ya huzuni.

Siwema, msusi wa mikeka, alikuwa amefiwa na mama yake. Kila akilala alimwota: mama amekaa upenuni, anasuka ukili, hageuki. Akiamka, mto umelowa.

Safari moja akaamka mto mkavu. Alikuwa ameota bustani ya maua. Akalala tena, bustani. Mara ya tatu alijaribu kuukumbuka uso wa mama. Ukamjia mgongo tu, kisha hata mgongo ukafifia kama mvuke wa chai.

Siwema akatandika mkeka mlangoni pake, akaketi, akakataa kulala.

"We Siwema, una wazimu?" jirani yake Mkejina akamcheka. "Umefutwa machozi, wewe wayataka! Si unipe mimi hiyo bustani?"

"Chukua, shoga. Mimi namtaka mama."

Alikaa hivyo mpaka macho yakawa mekundu kama lile jua. Mlezi akaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa aliwashwa ili mtu asiumie.

"Siwema, lala, utaugua. Nimekutengenezea ndoto tamu kama asali."

"Uliingiaje?"

"Milango yote ni yangu."

"Ulibisha hodi?"

Ukuta ukauliza, "Hodi ni nini?"

Mkejina akaangua kicheko, kisha akakikatiza. Yeye naye, tangu azaliwe, hakuwahi kubishiwa hodi na Mlezi.

"Ni kusimama nje na kuuliza," Siwema akasema. "Mara tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka."

"Hata kama ndani wanalia?"

"Hasa wakilia."

"Na wote wakininyamazia? Nitamtawala nani?"

"Hilo ungeuliza kabla hujaingia. Umenichukulia mama yangu, ukaniwekea maua mahali pake. Asiyebisha hodi ni mwizi, hata akileta asali."

 Siwema alingoja jibu, akangoja, mwisho usingizi ukamwangusha palepale mkekani. Mama alikuwepo upenuni, na ukili wake, hageuki. Siwema akaketi nyuma yake, akautazama ule mgongo mpaka akashiba.

Aliamka uso umelowa. Ukutani sauti ikasema, kwa woga kidogo, "Hodi."

Akatega sikio. Mtaa mzima kuta zilikuwa zinauliza, nyumba baada ya nyumba. Kwingine walijibu karibu. Kwa Mkejina palikuwa kimya.

"Hodi."

Siwema alifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Hodi, Siwema."

Hakujibu. Na ile sauti iliyokuwa na milango yote ikarudi ilikotoka.

Hapo ndipo Bi Mwanaheri alipoishia. Nasoro akainuka, akachukua sahani yake, akatoka nayo nje.

"Hodi, bibi?"

Bibi hakujibu upesi. Vitumbua vikapoa, naye Nasoro akasimama palepale, hakusogeza hata unyayo. Asiyebisha hodi ni mwizi, hata akileta asali.