Hori la Vyumba Vinane

Mwaka huo jua ndilo pekee lililokuwa na ajira ya kudumu. Lilipanda, likachoma, likashuka, na hakuna aliyeliomba vyeti. Mto ukakauka, nyasi zikawa kama nywele za mzee, na wanyama wa bonde la Kiriba wakabaki na kisima kimoja chembamba ambacho maji yake yalitosha kujaza hori moja tu kwa siku.

Hori lenyewe lilikuwa gogo lililochongwa na kugawanywa vyumba vinane vya ukubwa mmoja. Sheria yake hata Punda aliielewa: anayeteka maji analipwa kwa vyumba, na hakuna kugusa tone mpaka jioni, hori lijae na wote waone.

Mtekaji alikuwa Mama Ngiri. Alishuka kisimani na kibuyu kwenye pembe za mdomo, akapanda, akashuka tena, kwa niaba ya watoto wake na wadogo wote wa bonde. Zamu ya asubuhi ilimlipa tatu kwa nane, ya alasiri mbili kwa nane. Vyumba vitatu vilivyobaki vilikuwa vya Simba. Simba hakuteka. Alipewa kwa sababu ni Simba, na ukitaka maelezo zaidi nenda kamuulize mwenyewe.

Basi ikatangazwa nafasi ya Mgavi Mkuu wa Maji. Sungura akaomba. Alikuwa amesoma mpaka masikio yakarefuka. Akaambiwa, "Pole sana, huna uzoefu." Fisi, ambaye uzoefu wake wote ni kula mifupa ya harusi asizoalikwa, akapewa kazi siku hiyohiyo. Koneksheni, ndugu yangu. Alikuwa akimlambia Simba sahani.

Jioni yake ya kwanza Fisi alikuja na tai shingoni na mzigo wa vibao kwapani.

"Mama Ngiri, leo umepata ngapi?"

"Tatu kwa nane na mbili kwa nane, Mheshimiwa. Kama kila siku."

"Hiyo ni hesabu ya kienyeji. Sasa tunafuata utaalamu. Juu kwa juu, chini kwa chini! Tatu na mbili ni tano. Nane na nane ni kumi na sita. Chukua tano kwa kumi na sita."

Akachomeka kibao katikati ya kila chumba. Vyumba vinane vikawa kumi na sita, kila kimoja nusu ya kile cha zamani. Wanyama wakapiga makofi, maana kumi na sita ni kubwa kuliko nane, na Mheshimiwa alikuwa na tai.

Mama Ngiri akapewa vyumba vitano vidogo. Simba akapata vitatu vyake vya zamani, yaani vidogo sita, wala hakujua kama kuna lililobadilika. Vikabaki vitano.

"Na hivi?" akauliza Mama Ngiri.

"Hayo ni mabaki ya kiofisi," akasema Fisi, akayabugia mpaka tai ikalowa.

Zikapita jioni kadhaa. Watoto wa Ngiri wakaacha kukimbizana, kisha wakaacha hata kulia. Mdogo wao akawa analala na ulimi nje, na mama yake akimlamba pua ili apate unyevu. Sungura akaja kuwatazama.

"Mama, hebu nisikilize. Zamu ya asubuhi peke yake ni vyumba vitatu vizima. Hivyo ni vidogo sita. Wewe unaongeza kazi ya alasiri, halafu unapewa vitano."

"Kwa hiyo ningelala ningepata zaidi?"

"Ungelala ungekuwa tajiri."

"Nisipoteka alasiri hori halijai, na lisipojaa Simba hunywa kwanza, sisi tukabaki na tope. Wewe msomi, acha kunichekesha. Mwanangu anakufa. Unaweza kufanya nini?"

"Kuongea," akasema Sungura. "Ndicho nilichosomea."

Akaenda moja kwa moja kwa Simba, akainama mpaka masikio yakafagia vumbi.

"Mtukufu, nina uchungu. Unapewa maji kwa cheo cha Mfalme tu. Kwani wewe si Jaji Mkuu pia?"

Simba akatuna. "Ni kweli. Mimi ni mambo mengi."

"Kila cheo kina posho yake, Mtukufu. Mbili kwa nane za Ufalme, moja kwa nane ya Ujaji. Zijumlishwe hadharani, watu wajue wanaishi na nani."

"Nilikuwa nakaribia kusema hivyo," akasema Simba.

Jioni wote wakakusanyika. Sungura akapaza sauti, "Mheshimiwa Mgavi, mjumlishie Mfalme posho zake!"

Fisi akatazama hori, akatazama kucha za Simba. "Mbili kwa nane na moja kwa nane... ni tatu kwa nane."

"Nane?" Mama Ngiri akaruka. "Mbona mimi unanipa kumi na sita?"

Simba akageuka polepole. "Ngiri anapewa kumi na sita, mimi unanipa nane? Mimi? Nataka kumi na sita!"

"Mtukufu, naomba nieleze..."

"Eleza ukiwa hai. Kumi na sita!"

Fisi akalegeza tai. "Basi ni tatu kwa kumi na sita."

Simba akanywa chumba kidogo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akafika kwenye kibao. Akalamba kibao.

"Mengine yako wapi?"

"Ndiyo hayo, Mtukufu. Yamekwisha."

Ngurumo iliyotoka pale iliangusha majani ambayo ukame ulikuwa umeyasahau. Fisi akajitupa chini.

"Usiniue! Chini haijumlishwi! Nane inakwambia tu ukubwa wa chumba! Vyumba ni vya ukubwa uleule, kwa hiyo unahesabu umepata vingapi, basi! Mbili na moja ni tatu, nane inabaki nane!"

"Rudia kwa sauti, Mheshimiwa," akasema Sungura. "Mama Ngiri ana matope masikioni."

"Nane inabaki nane," Fisi akanong'ona.

Mama Ngiri hakungoja amri. Aling'oa vibao vyote kwa pembe zake, akahesabu vyumba vitano vizima, akamzamisha mwanawe mdogo mdomo mpaka machoni. Mtoto akakohoa, akanywa, akapiga teke.

Fisi akavuliwa tai na kuvalishwa kibuyu, ateke zamu ya alasiri bure, na malipo yake yaende kwa Mama Ngiri. Nafasi ya Mgavi ikatangazwa upya. Sungura akaomba. Akaambiwa hana uzoefu. Ikapewa Mbweha, binamu yake Fisi. Lakini alipofungua tu mdomo kusema "juu kwa juu", watoto wa Ngiri wakamkatiza kwa kelele: "Tatu na mbili ni tano! Nane ni nane!" Akaufunga.

Fisi akajikokota kutoka kisimani, ulimi nje. "Na mimi nina ngapi?"

"Asubuhi sifuri kwa nane, alasiri sifuri kwa nane," akasema Sungura. "Hiyo, kaka, jumlisha upendavyo. Hata chini kwa chini."

Basi nawe, ukimwona mgawaji anakata vyumba upya wakati wa kujumlisha, usimpigie makofi. Mwulize kwanza mabaki anayanywa nani.