Mkubwa wa Kutangulia Kuni

Hapo zamani za watu kupika kwa kuni na kutawaliwa kwa kelele, palikuwa na mji ambao masika yake yalipita kiasi. Mto ukafurika, daraja likachukuliwa na maji, na msitu wa kuni ukabaki ng'ambo. Ikawa kuni zilizosalia zimo katika ghala moja tu, na ufunguo wake ukining'inia kiunoni mwa Sultani Ngwali.

Basi Sultani akapiga mbiu: "Kuni hazitoshi, na watu wote hawawezi kuwa wa kwanza. Atakayetangulia kupewa ni mkubwa. Na mkubwa ni yule asiyeinua kitu kwa mkono wake. Ambaye akitoa sauti, nyumba nzima husimama. Wala hapana athubutuye kumwuliza sababu. Mwenye sifa hizo na aje barazani."

Sultani akatazama huku na huku, akamwona mtu mmoja tu mwenye sifa hizo, naye ni yeye mwenyewe. Haki hukaa vizuri mno ikikatwa kwa kipimo cha mwili wako.

Katika mji huo alikuwako Shekue, fukara ambaye watu walimwita mpumbavu kwa kuwa kila alichoambiwa alikifanya vilevile alivyoambiwa. Binti yake Mwanamize alikuwa amejifungua juzi, naye akitetemeka kitandani, hana maji ya moto wala uji wa pilipili manga. Shekue moyo ukamuuma sana. Mkunga, Bi Saumu, akamwambia, "Baba, mzazi hakandwi kwa maji ya mvua. Tafuta moto, ama utampoteza mwanao."

Basi asubuhi Shekue akaingia barazani na kifurushi cha nguo mikononi.

"Umekuja kuomba kuni?" akauliza Sultani.

"La, Bwana wangu. Nimemleta mkubwa."

Akafunua nguo. Ndani mlikuwa na kitoto kichanga, kimelala.

Waziri akaghadhibika. "Ewe mpumbavu! Ukubwa wa huyu u wapi?"

"Mimi nafuata mbiu, Bwana Waziri. Tangu azaliwe hajainua kitu. Hata kuja hapa kabebwa, nanyi mabwana nimewaona mkija kwa miguu."

Mara kitoto kikaamka, kikalia. Kadhi akaacha kesi katikati. Askari akaweka mkuki chini akakimbilia maji. Waziri akakipakata akitikisa tasbihi mbele ya macho yake, na joho lake likalowa, wala hapana aliyethubutu kumwuliza mtoto sababu. Sultani mwenyewe akainuka kitini, akapaza sauti: "Mpeni! Mpeni anachotaka!"

"Anataka mama yake apate maji ya moto," akasema Shekue.

Hapo Sultani akaitazama miguu yake, akaiona imesimama. Kisha Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea.

"Shekue, umenishinda kwa maneno yangu mwenyewe."

"Si mimi, Bwana wangu. Mimi sikulia."

Basi Sultani akautoa ufunguo kiunoni, na mzigo wa kwanza ukapelekwa kwa Mwanamize, akakandwa, akanywa uji, akapona. Siku hiyo Sultani alikunywa kahawa yake baridi.

Tangu hapo, kuni zikiadimika katika mji ule, mwenye ghala haulizi nani mkubwa. Huuliza nani kazaa. Na kahawa baridi, kwa habari zilizonifikia, ni mbaya sana, lakini haijaua mtu.